Sauti ya Maalim na Studio Ndogo ya Mji wa Kale

Baada ya maulidi ya Mfunguo Sita mwaka huu, binti wa marhumu mwalimu wetu alitufikia nyumbani pamoja na mwanawe mkubwa. Alibeba kikapu cha ukili, na ndani yake, zikiwa zimefungwa katika kipande cha kanga, mlikuwa na kanda kumi na moja za kaseti, kila moja ya dakika tisini. Juu ya kila kanda paliandikwa kwa hati ya Kiarabu, kwa mkono tuutambuao: Tafsiri, Ramadhani 1407. Kwa hesabu ya miladi huo ni mwaka 1987. Sisi tulikuwa miongoni mwa vijana waliokaa mbele ya marufaa yake kila alasiri ya mwezi ule, na redio kaseti iliyokuwa ikinasa iliwekwa chini, karibu na magoti yetu.

Zilikuwa kumi na mbili. Iliyokosekana ni ya nane, na hiyo ndiyo iliyomleta Bi huyu kwetu na uchungu wake. Miaka kadhaa nyuma familia iliipeleka kwenye studio moja, ambayo jina lake hatulitaji, ili itolewe nakala. Nakala ilirudi ikiwa na muziki wa kinanda chini ya sauti ya mwalimu. Hilo peke yake lingetosha kuudhi. Lakini baada ya wiki chache sauti ile ile ilisikika sokoni, ikiuzwa kwa flashi, nayo ilikuwa imekatwa. Mwalimu alikuwa na desturi, kama wanazuoni waliosomeshwa kwa njia ya zamani, ya kuitanguliza kauli ya wale anaohitilafiana nao, aieleze kwa uadilifu hata ungedhani ni yake, kisha airudi kwa dalili. Katika suala moja la talaka, mkasi wa studio uliichukua kauli ya wengine ukaliacha jibu lake. Mtu aliyekwisha kufa akawa ametoa fatwa asiyoitoa, na kuna watu wawili tuwajuao waliokuja kutuuliza kwa nini mwalimu wetu aliruhusu jambo lile. Kanda yenyewe, ilipodaiwa, haikuonekana tena.

"Maalim," akasema Bi, "tutafutie mahali pa amana, au hizi zilizobaki tuzizike."

Hatukuwa na ujuzi wowote wa mambo haya, basi tuliuliza. Tulimuuliza imamu mmoja aliyewahi kurekodi nyiradi zake, kiongozi wa kikundi cha kaswida, mzee mpiga udi tuliyesoma naye chuoni kabla njia zetu hazijaachana, na kijana mmoja wa mtaani aimbaye nyimbo za kizazi kipya, ambaye hutuamkia kwa adabu ingawa maneno ya nyimbo zake hatuyapendi. Watu hawa wanne hawajapata kukubaliana juu ya jambo lolote, hata juu ya mwezi mwandamo. Wote walitutuma kwenye mlango mmoja.

Mlango huo uko katika kichochoro cha Mji wa Kale wa Mombasa. Mwenyewe ametuomba tusimtaje, kwa kuwa chumba chake ni kidogo na kazi aliyo nayo yamtosha. Tutamwita fundi, kwani ndivyo aitwavyo na kila mtu.

Ni chumba cha chini cha nyumba ya kale, hakizidi ukubwa wa chumba cha kulala. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari ni ya boriti. Fundi alituambia kwamba wale wazee waliojenga kuta nene kwa ajili ya joto walimjengea yeye studio bila ya kujua, maana ngurumo za tuktuk na bodaboda huishia nje. Ila ukuta mgumu huirudisha sauti kama kisima. Kwa hiyo ametundika mazulia makuukuu, amesimamisha magodoro ya sufi pembeni, na sakafu nzima imetandikwa mikeka. Viatu huvuliwa mlangoni. Nje kuna baraza ambako wanaongoja zamu hukaa, na birika la kahawa tungu halikauki. Tulimkuta hapo mvuvi aliyekuja kuuliza tu kama shairi lake lafaa kurekodiwa, asiye na senti moja mkononi, naye alisikilizwa mpaka beti ya mwisho kana kwamba ndiye mteja mkubwa wa siku.

Kitu kimoja hakizuiwi na ukuta wowote. Misikiti ya Mji wa Kale imekaribiana hata adhana ya mmoja huanza kabla ya mwingine kumaliza. Fundi amebandika jedwali la nyakati za sala juu ya meza yake, na kazi yote hupangwa kwa jedwali hilo. Muda unapokaribia, mashine huzimwa. Alitueleza kwa uwazi kwamba mwanzoni alifanya hivyo kwa sababu adhana iliingia katika kila alichokinasa, ikabidi kirudiwe. Baadaye akaona kwamba watu wakirudi kutoka msikitini huwa wametulia na sauti zao ni nzuri zaidi. Tulilipenda jibu hilo kwa kuwa hakujipamba.

Siku ya kwanza hakutia kanda hata moja katika mashine. Alizitazama moja moja chini ya taa, akatuonyesha koga nyeupe kwenye kingo za utepe katika kanda tatu. Utepe wa kaseti, alisema, ni plastiki nyembamba iliyopakwa unga wa chuma kwa gundi, na hewa yetu ya pwani, yenye unyevu na chumvi, huila gundi hiyo mwaka baada ya mwaka. Kanda yenye koga ikichezeshwa, koga huhamia kwenye kichwa cha mashine na kuichafua kanda inayofuata. Basi alizifungua, zenye skrubu kwa bisibisi ndogo, zilizogundishwa kwa wembe. Akauhamishia utepe katika makasha mengine, akabadilisha kile kisponji kidogo kinachoubana utepe mbele, na baada ya kila upande akakisafisha kichwa cha mashine kwa pamba na spiriti. Alifanya haya yote polepole, na tulimkumbuka mamake mzazi wa jirani yetu akichambua mchele.

Kisha likaja jambo ambalo hatukulitarajia, nalo ndilo lililotutia hamu ya kuandika makala haya. Kanda ya kwanza ilipoanza kuzunguka, sauti ya mwalimu ilitoka nzito na butu, kama ya mtu anayesema nyuma ya pazia. Fundi akaingiza bisibisi katika tundu dogo la mashine. Kuna skrubu pale inayokiinamisha kichwa kinachosoma utepe. Ile redio kaseti ya mwaka 1987 ilikuwa na kichwa kilichoinama kwa namna yake, na mashine ya fundi imeinama kwa namna nyingine. Tofauti ya unywele hutosha kuzima sauti zote za juu. Yabidi hii iinamishwe mpaka iifuate ile, na katika kanda kama zetu mtu hutegemea sikio lake.

"Maalim," akasema, "hapa nisaidie. Mimi naijua mashine, herufi wazijua wewe."

Msomaji aliyepitia chuoni anajua kwamba katika elimu ya tajwidi kuna herufi tatu zenye sifa ya swafiri, kwa kuwa zina mluzi ndani yake: swad, zay na sin. Ndizo za kwanza kupotea katika kanda. Mwalimu alikuwa akiisoma aya kabla ya kuifasiri, tukamwambia fundi angoje neno lenye sin. Akaigeuza skrubu taratibu, nasi tumefumba macho, na ghafla pazia likaondoka. Sin ilitoka na mluzi wake, kisha swad na uzito wake, na sote wawili tukasema kwa pamoja, "Hapo!" Tumesomesha tajwidi kwa karibu miaka thelathini, na hatukuwahi kuiona ikitumika pamoja na bisibisi.

Kanda haina njia ya mkato. Dakika tisini za kanda hutaka dakika tisini za kuisikiliza, na kumi na moja hutaka saa kumi na sita na nusu, mbali na tulizozirudia. Tulizigawa kwa asubuhi nane. Ramadhani ile iliangukia masika, na paa la msikiti wetu wakati huo lilikuwa la mabati, kwa hiyo mvua imo karibu nusu ya darsa. Programu za kompyuta za siku hizi zaweza kuifuta mvua, na fundi alitusikilizisha. Kweli mvua iliondoka, lakini iliondoka pamoja na pumzi za mwalimu, na ile ha ya mwisho wa neno ikafifia kama wino ulioingia maji. Tukaamua mvua ibaki. Amebaki pia jogoo mmoja katika kanda ya sita, anayewika katikati ya tafsiri ya Suratul Kahf kwa bidii ya ajabu.

Wakati wa mapumziko fundi alipenda kuzungumza juu ya wale waliomtangulia katika kazi hii. Wasomaji wa umri wetu watalikumbuka jina la Mbwana Radio Service, duka la Mji wa Kale lililotoa kanda za taarabu ya Mombasa. Jina lenyewe lina habari ndani yake, kwamba ni duka la redio. Mambo ya kunasa sauti mjini kwetu yalikaa mikononi mwa wenye maduka na mafundi, watu waliojuana na wateja wao kwa majina ya baba zao. Kabla ya zama za kanda, Assanand & Sons wa hapa Mombasa walitoa santuri kwa chapa ya Mzuri, na zile nyimbo za Mombasa za kati ya mwaka 1965 na 1975 zimekuja kuchapishwa upya nchini Ufaransa katika mfululizo uitwao Zanzibara. Na ukirudi nyuma zaidi utamkuta Siti binti Saad, aliyevuka bahari kutoka Unguja mwaka 1928 mpaka Bombay ili sauti yake itiwe katika santuri. Bahari nzima kwa ajili ya chumba na mashine.

Santuri za zama za Siti zilichukua kama dakika tatu tu kila upande, na utenzi ulikatwa kama nguo ya mtoto ili utoshee. Kaseti, iliyotolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963, ndiyo iliyotupa nusu saa na zaidi bila ya kugeuza. Hapo ndipo wimbo wa harusi ulipopata urefu wake, na darsa ikapata wake. Mashine moja, utepe mmoja, na mara nyingi duka moja. Tusisahau kwamba Misri ndiyo iliyotangulia kuinasa Qur'ani yote kwa sauti ya tartili, kwa kisomo cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary kwa riwaya ya Hafs, ikaanza kusikika mwaka 1961. Nayo ilinaswa kwa mashine za aina ile ile zilizokuwa zikinasa waimbaji wa Kairo.

Tusijifanye, hata hivyo, kwamba hatukuliona lililo wazi. Siku ya tatu, tulipokuwa tunatoka na kikapu chetu, udi ulikuwa unaingia. Sisi tumekulia katika rai ya wanaozuia ala za nyuzi na hatujaiacha. Imamu Ghazali, aliyeandika katika Ihyaa kitabu kizima juu ya adabu za kusikiliza na akapambanua hali na hali, hata yeye hakuziruhusu. Twajua pia kwamba katika Msikiti wa Riyadha, Lamu, maulidi ya Habshi husomwa kwa matari mbele ya masharifu na wanazuoni, na wapo ndugu zetu wasiolikubali hata hilo. Khilafu hii haikuanza kwetu na haitaishia katika jarida hili. Tulimuuliza fundi kwa upole, "Mwanangu, chumba kimoja, asubuhi tafsiri na jioni udi, moyo wako watulia?"

Alinyamaza kitambo. "Siku nyingine hautulii, Maalim."

Hatukuongeza neno. Mwenzetu mmoja wa barazani ametulaumu kwa kuipeleka darsa mahali kama pale. Tulimjibu kwamba ile studio ya kwanza ilikuwa na aya zilizotundikwa ukutani kwa fremu za dhahabu.

Tulichojifunza juu ya sifa ya fundi huyu kilitudhihirikia siku ya mwisho, alipotoa daftari la mistari. Kila aliyerekodi kwake ameandikwa humo: tarehe, jina, kilichonaswa, nakala ngapi zimetolewa, aliyezichukua ni nani, na saini yake. Waimbaji wa taarabu wamo, madrasa wamo, na yule kijana wa kizazi kipya yumo. Bi alitia saini, nasi tukatia kama mashahidi. Akamkabidhi kanda zake na nakala katika diski mbili, akamwambia aziweke katika nyumba mbili tofauti. Kisha, mbele ya macho yetu, akaifuta kazi yote katika kompyuta yake. Tulimwambia huenda ingefaa abaki na nakala moja kwa tahadhari. Akasema, "Nikifa leo, Maalim, wanangu watajuaje kwamba hii si yao?"

Swali lake lilitukumbusha marehemu Juma Bhalo, aliyetangaza mwaka 2007 kwamba ameacha kuimba, akafariki mwaka 2014. Mtu aweza kuacha, na hilo liko baina yake na Mola wake, lakini sauti iliyokwisha kutoka haiachi naye. Inaendelea katika nyumba na magari na vibanda, na haina wa kuiuliza. Fundi asema vijana humjia wakiwa na hasira, wakitaka kurekodi maneno ya kumvunjia mtu heshima yake. Huwaambia warudi baada ya Ijumaa. Wengi hawarudi, na hasara ya kazi hizo ameizoea.

Hapa twapenda kuwaambia wazazi na walimu wa madrasa jambo moja la manufaa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huilinda rekodi ya sauti kwa miaka 50, na haki hiyo haihamishwi ila kwa maandishi yaliyotiwa saini. Familia ya mwalimu haikuwa na hata kipande cha karatasi kutoka kwa ile studio ya kwanza. Walikwenda kwa ihsani na kuaminiana, kama tufanyavyo sote, na walipotaka kudai walikuta hawana cha kuonyesha. Nasi tunasoma kila mwaka aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ambayo yahusu kuandikiana, tukidhani ni ya wafanyabiashara tu. Basi mkiwapeleka watoto kurekodi kaswida, ombeni karatasi kabla ya kuuliza habari za maikrofoni. Tazameni pia kama mlango huachwa wazi watoto wa kike wanapokuwa ndani. Kwa fundi huachwa wazi, na mkewe huja akakaa nao, hata kama sauti ya barazani huingia kidogo katika kazi.

Malipo hatutayaandika, kwa kuwa hutofautiana. Alitaka kutupunguzia, tukakataa, tukakutana katikati.

Bi amezisikiliza kanda zote zilizokamilika. Katika ya nne mwalimu anaisimamisha tafsiri na kumwita mtoto wa kike ashuke dirishani asije akalowa. Bi alitaka sehemu hiyo irudiwe mara tatu. Alikuwa na miaka saba wakati huo, na hakukumbuka kabisa kwamba alikuwepo.

Limebaki jambo moja. Mwalimu hakuwa akianza darsa yoyote bila ya kurejea kwa ufupi alipoishia jana, na kila upande wa kanda ni darsa moja. Kanda ya nane iliyopotea iliishia katika suala lile la talaka. Kwa hiyo mwanzo wa kanda ya tisa, upande wa kwanza, unapaswa kuwa na jibu lake kwa maneno yake mwenyewe. Hiyo ndiyo kanda pekee ambayo utepe wake umegandana. Fundi alijaribu mara moja, akausikia unalia, akasimama papo hapo. Ameifunga kanda ile katika mkebe pamoja na vile vifuko vya chembechembe za kukausha viwekwavyo ndani ya masanduku ya viatu, akaandika jina la Bi juu yake na katika daftari. Asema hewa ya kusi haifai kwa kazi hiyo, na kwamba tungoje kaskazi ishike, ndipo ataufungua tena kwa mkono.